Taichi ile ya polepole imetoka kwa nani? Maisha ya Yang Chengfu na silsila yake

Wengi wanaotuuliza kuhusu taichi, ule mchezo wa mapigano wa Kichina, wana picha moja kichwani, wazee wa Kichina asubuhi na mapema bustanini, wanaenda polepole wote pamoja, mikono inapanda inashuka. Picha yenyewe ni ya kweli kabisa, shida ni pale mtu anapodhani imekuwa hivyo tangu enzi na enzi. Taichi ile laini, mwendo mmoja mwanzo mpaka mwisho bila kurukaruka, kwa sehemu kubwa ina mwenyewe na anajulikana kwa jina: Yang Chengfu (Yang ndo jina la ukoo, Wachina wanaanza na la ukoo), kazaliwa 1883, kafariki Shanghai mwaka 1936. Hata miaka mia moja haijatimia tangu afariki.

Ila huwezi kumuelewa bila kuanza na babu yake, Yang Luchan, mzaliwa wa Yongnian mkoa wa Hebei, 1799. Huyu alitoka kwao akaenda mkoa wa Henan, kijiji cha Chenjiagou, kijiji cha ukoo wa Chen, ambako mchezo huu ulikuwa unafundishwa ndani ya ukoo, akajifunza kwa mzee Chen Changxing. Simulizi maarufu inasema alikuwa anachungulia ukutani usiku wenzake wakifanya mazoezi mpaka akakamatwa, mzee akamjaribu akaona kijana kaiva. Kila anayeisimulia ana ya kwake, kwa hiyo ichukueni kama hadithi. Jambo la msingi ni kwamba mtu wa nje ya ukoo alifundishwa, akatoka nayo, akaifikisha Beijing akawafundisha mpaka wakubwa wa Kimanchu waliokuwa wanatawala China wakati ule, na mji ukampa jina la Yang Asiyeshindika. Kafariki 1872.

Hapa wengine huwa wanadakia, mbona tumeambiwa taichi iliasisiwa na Zhang Sanfeng, yule mtawa wa milima ya Wudang aliyemwona ndege akipigana na nyoka? Ni hadithi tamu na mashabiki wanaipenda, lakini ushahidi wa kihistoria haina. Miaka ya 1930 mtafiti anaitwa Tang Hao alifunga safari mpaka Chenjiagou kusoma kumbukumbu za ukoo, na njia aliyoifuata ilimrudisha kwa Chen Wangting, askari wa karne ya 17. Wanahistoria wengi wanaanzia hapo mpaka leo.

Sasa tazameni mtu mmoja alivyozaa matawi. Kwao Yongnian, Luchan alimfundisha Wu Yuxiang, msomi wa familia yenye uwezo, huyo akampa mpwa wake Li Yiyu, Li Yiyu akampa Hao Weizhen, Hao Weizhen akampa Sun Lutang ambaye alikuwa tayari bingwa wa mapigano mengine akachanganya na kutoa staili ya Sun. Huku Beijing, Luchan na mwanawe Banhou walimfundisha mlinzi wa Kimanchu anaitwa Quanyou, na mtoto wa Quanyou, Wu Jianquan, ndo kaanzisha staili ya Wu (isiwachanganye, hawa Wu wawili ni koo tofauti kabisa, hata kwa maandishi ya Kichina wanaandikwa tofauti). Yaani katika zile staili tano kubwa zinazotajwa kila mahali, ukiitoa ya Chen yenyewe, nne zilizobaki (Yang, Sun na hizo Wu mbili) zote zinapita mikononi mwa Luchan.

Chengfu ni mtoto wa Jianhou, mwana mwingine wa Luchan. Alizaliwa babu keshafariki miaka 11 nyuma, kwa hiyo hakumuona. Alikuwa na kaka yake, Shaohou, amemzidi miaka 21, na hawa ndugu wawili ukiwaweka pamoja unaelewa kila kitu. Shaohou alichukua mambo ya baba yake mkubwa, Banhou, na Banhou anasimuliwa kuwa mkali kupita kiasi. Naye Shaohou akawa hivyohivyo, mwendo wa haraka, miondoko midogo ya kubana, anafundisha kwa kupiga kweli, wanafunzi wakawa wachache na wengi hawakuvumilia. Chengfu yeye alikuwa mtu wa mwili mkubwa, miondoko yake mipana na wazi, na watu walikaa kwake. Binafsi naona hapa ndipo historia ya taichi ilipogeuka, maana ujuzi wa Shaohou hakuna aliyeutilia shaka ila silsila yake leo ni nyembamba mno.

Baada ya ufalme kuanguka, 1912 Beijing ikapata taasisi ya utafiti wa elimu ya viungo, akaianzisha Xu Yusheng, na hapo Shaohou, Chengfu na Wu Jianquan wakaanza kufundisha watu wa kawaida. China ya wakati ule ilikuwa inaona raia wake wamedhoofika na inahitaji mazoezi kwa wananchi wote, sio wapiganaji tu. Katika mazingira hayo fomu ya Chengfu, yaani mfuatano wa mikao anaoufanya mtu toka mwanzo mpaka mwisho, ikabadilika kidogo kidogo: kuruka na kukanyaga kwa kishindo vikaondoka, mateke ya haraka yakawa ya polepole, mwendo ukawa sawasawa toka mwanzo. Mzee wa miaka 70 anaweza, mgonjwa anayepata nafuu anaweza. Matumizi ya kupigana hayakufutwa, kila mkao una kazi yake, na kitabu chake cha 1934 kinaeleza kazi hizo mkao kwa mkao pamoja na picha zake mwenyewe.

Mwanafunzi wake Chen Weiming, msomi, ndo aliandika zile kanuni kumi alizosema mwalimu: kichwa juu chepesi, mabega na viwiko vishuke, kiuno kilegee, tumia nia sio nguvu, na nyinginezo. Ya kutofautisha mguu uliojaa na mguu mtupu naomba tuijaribu hapohapo ulipo. Simama, peleka uzito wote mguu wa kulia taratibu, goti limelegea kidogo, sasa nyanyua wa kushoto. Kama kiwiliwili kimeyumba au bega limepanda basi uzito ulikuwa haujaisha kuhama, rudi anza tena. Ukiupata huo, mguu wa kushoto unashuka kisigino kwanza bila kuangukia, ndipo uzito unafuata. Waalimu wa mkondo huu wanakaa na mwanafunzi hapa muda mrefu kabla ya mikono, na wanafanya sawa kabisa.

Mwisho wa miaka ya 1920 Chengfu alihamia kusini, akafundisha Shanghai, Hangzhou, baadaye Guangzhou. Kutoka hapo silsila ikatawanyika dunia nzima. Mwanawe mkubwa Yang Zhenming alikwenda Hong Kong, Dong Yingjie naye akafundisha hukohuko, Fu Zhongwen wa Yongnian akabaki Shanghai akaanzisha chama chake 1944, na Zheng Manqing, mchoraji na tabibu aliyekuwa na kifua kikuu, akafupisha fomu mpaka mikao 37, akaenda nayo Taiwan, na miaka ya 1960 akaifundisha New York, ambapo Wamarekani wengi ndo walionjea kwake. Mwana mwingine, Yang Zhenduo, aliishi mpaka 2020. Na ile fomu fupi ya mikao 24 inayofundishwa sana mashuleni na kwenye video iliundwa na kamati ya michezo ya serikali ya China mwaka 1956 kutoka kwenye hii hii staili ya Yang.

Kwa hiyo ukimpata mwalimu muulize kajifunza kwa nani, na huyo naye kwa nani, mpaka mfike kwa mmoja wa hawa. Kwa Wachina hilo ni swali la kawaida, mwanafunzi wa ndani anapokelewa rasmi kwa kumpigia mwalimu magoti na kumpa chai, na jina lake linaandikwa, hivyo jibu linapatikana. Asiyetaka kujibu, au anayekurukisha moja kwa moja mpaka kwa Zhang Sanfeng bila mtu katikati, huyo jiulize mara mbili. Ila mwalimu mmoja akisema fomu ndefu ya Yang Chengfu ina mikao 85, mwingine 103, mwingine 108, usimwite yeyote muongo. Fomu ni ileile moja, wamehesabu tofauti tu ile mikao inayojirudia na vipande vya mkao mmoja unaoitwa Kukamata Mkia wa Ndege.