Je, Wajua Kwa Nini Huzuni Hutupeleka Jikoni Hata Tukiwa Tumeshiba?

Mtu aliyekula wali na mchuzi wa samaki saa nane mchana akashiba, kisha saa kumi na moja akajikuta amemaliza sahani nzima ya kaimati bila hata kuisikia ladha yake, huitwa mroho, na mara nyingi huanza kujiita hivyo yeye mwenyewe. Ikiwa mtu huyo amekuwa na moyo mzito kwa wiki kadhaa, hukumu hiyo si ya haki. Kinachomrudisha kwenye sahani si tumbo lake, bali ni ubongo unaotafuta nafuu, nao huitafuta pale ulipowahi kuipata.

Mshtuko wa ghafla kwa kawaida hukata hamu ya kula. Anayepigiwa simu ya msiba hawezi kumeza tonge, kwa sababu mwili umemwaga adrenalini na umejiweka tayari kwa hatari, na katika hali hiyo kazi ya kusaga chakula huahirishwa. Mambo hubadilika pale dhiki inapodumu: deni lisilolipika, ndoa yenye ugomvi wa kila siku, mgonjwa wa muda mrefu ndani ya nyumba, au mwana aliyekwenda ng'ambo na habari zake zikakatika. Hapo tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa homoni ya kotisoli siku baada ya siku, na kotisoli huamsha hamu ya kula, hasa hamu ya vitu vyenye sukari na mafuta. Mwaka 2003 mtafiti Mary Dallman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza, kutokana na majaribio ya panya, kwamba wanyama wenye homoni hizo kwa wingi hukimbilia sukari na mafuta, na kwamba wakishavila, mfumo wa mwili unaoendesha dhiki hupungua kasi. Kwa maneno mengine, kitamu hutuliza kweli. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nasaha nyingi hujifanya kana kwamba mlaji anajidanganya, ilhali nafuu anayoipata ni ya kweli, ila ni fupi, na baada yake huja majuto yanayouongeza ule uzito wa moyo uliompeleka kula.

Ubongo nao hausahau. Kila mara kitamu kinapofuatia huzuni na kuipunguza, dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha na mazoea, huuweka alama mfuatano huo, mpaka siku moja huzuni inapoingia tu, mkono huwa umeshafika kwenye kopo la biskuti kabla mtu hajaamua lolote. Kukosa usingizi huzidisha hali hiyo, kwani kwa mtu asiyelala vya kutosha homoni inayoleta njaa hupanda na ile inayoleta shibe hushuka, na wenye huzuni wengi hukesha.

Hapa kwetu Unguja na Pemba jambo hili hujificha kwa urahisi sana, kwa kuwa chakula ndiyo lugha yetu ya kupeana pole. Mtazame mwanamke aliyefiwa na mumewe, aliyekaa eda ya miezi minne na siku kumi. Jirani humletea bakuli la tambi za sukari lililofunikwa kwa kawa, wifi huleta mkate wa kumimina, na mgeni aliyetoka Wete huja na haluwa. Mchana, mbele ya watu, hula matonge mawili na kusukuma sahani. Usiku, wote wakishalala, huifunua ile kawa gizani na kula tambi zilizopoa kwa mkono, akiwa amesimama, mpaka bakuli likauke. Asubuhi binti yake humuuliza, "Mama, jana ulikula?" Naye hujibu, "Nilikula kidogo, mwanangu." Hakuna uongo mkubwa katika jibu hilo, kuna aibu tu. Eda inapokwisha, mashoga zake humwambia amenawiri, na kwa sababu kunawiri kwetu ni dalili ya raha, hapana anayemuuliza moyo wake u hali gani.

Kumtuliza mwenye huzuni kwa chakula si kosa. Katika hadithi iliyopokewa kwa Bi Aisha, Mtume, rehema na amani zimshukie, alieleza kwamba talbina, uji mwepesi wa shayiri, huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni, na Bi Aisha mwenyewe alikuwa akiagiza upikwe kwa waliofiwa. Naona hadithi hiyo imebeba hekima ya kipimo: uji huo huletwa na watu, huliwa pamoja na watu, na huondoa *baadhi* ya huzuni. Tatizo huanza pale chakula kinapobaki kuwa faraja pekee, tena ya siri.

Ni lini basi huzuni huwa maradhi? Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba zaidi ya watu milioni 280 duniani wanaishi na sonona, yaani huzuni iliyogeuka maradhi, na kipimo cha kawaida cha madaktari ni huzuni au kukosa hamu ya mambo kunakodumu takriban kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na dalili nyingine za mwili na akili. Watu wengi wanajua kwamba mwenye sonona hukonda kwa kukosa hamu ya chakula. Wachache wanajua kwamba wapo wanaokula kupita kiasi, wakalala kupita kiasi na kuhisi mikono na miguu imekuwa mizito. Yapo pia maradhi ya kula kwa mfumko, ambapo mtu hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, akihisi hawezi kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliyatambua rasmi kuwa maradhi yanayojitegemea mwaka 2013.

Jambo la kwanza ambalo wengi hufanya ni kujinyima: asubuhi chai kavu, mchana hakuna kitu, na ahadi ya kutogusa sukari tena. Hapo ndipo wanapoumia zaidi. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wa kujitolea, wenye afya njema, kwa muda wa miezi sita. Walipatwa na huzuni na hasira, mawazo yao yote yakawa juu ya chakula, na waliporuhusiwa kula tena, wengine walikula kwa wingi wa kutisha bila kuhisi shibe. Ikiwa njaa iliwafanya hivyo wanaume wazima wa afya, itamfanyaje mtu ambaye tayari ana majonzi? Ndiyo maana sishauri kuigeuza funga kuwa dawa ya kupunguza mwili kwa mtu wa hali hii. Funga ni ibada na ina heshima yake. Anayefunga Ramadhani huku akitumia dawa za sonona azungumze mapema na daktari wake kuhusu saa za kumeza dawa, na asiruke daku.

Kinachosaidia ni kula kwa wakati, milo mitatu yenye kushibisha, ikiwamo vitu tulivyonavyo tele kama samaki, dagaa, kunde, mchicha na matunda, ili jioni mwili usifike ukiwa na njaa ya kweli juu ya huzuni. Inafaa pia kujifunza kuzitofautisha njaa mbili: njaa ya tumbo huja polepole na hukubali hata muhogo wa kuchemsha, lakini njaa ya moyo huja ghafla, hutaka kitu kimoja mahususi, na haikomi tumbo linapojaa. Ikija hiyo ya pili, mtu asijikataze kwa ukali. Atie kitamu chake kwenye sahani, akae kitako, ale mchana kweupe, ikiwezekana pamoja na mtu, kisha aandike kilichotokea kabla ya hamu ile: maneno ya nani, fikra gani, saa ngapi. Baada ya wiki moja au mbili karatasi hiyo humwonyesha donda lilipo, na tiba huanzia hapo, si kwenye sahani.

Mazungumzo yana nguvu kuliko tunavyodhani. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mitaani kuwasikiliza wenye huzuni wakiwa wameketi nao kwenye benchi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili za sonona zilipungua kwa kiasi kikubwa kwa waliosikilizwa. Kwetu, ambako kila nyumba ya zamani ina baraza, hakuna sababu ya mtu kubaki peke yake na bakuli lake.

Dalili zikipita wiki mbili, au mtu akipoteza udhibiti wa kula, aende kituo cha afya kilicho karibu. Pemba anaweza kuanzia hospitali za Wete, Chake Chake au Mkoani, na Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu, ambayo wengi huogopa kuonekana mlangoni mwake ingawa ndiyo yenye wataalamu wa akili. Aliye na kisukari asichelewe, kwa kuwa sonona na kisukari huzidishana. Anayepata mawazo ya kujiua apelekwe siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Na ambaye hamu yake ya kula imeongezeka baada ya kuanza dawa kama amitriptilini au olanzapini amweleze daktari, kwani dawa hizo zinajulikana kuongeza hamu ya kula na uzito, na mara nyingi inawezekana kubadilisha dawa au kipimo. Asiiache ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe.