Hapana, mwili haujakikataa kipandikizi

Wiki hii nimeulizwa tena, na kijana aliyemleta mama yake, ambaye kipandikizi chake cha sikio kina hitilafu: "Daktari, si ndiyo kusema mwili umekikataa?" Kipandikizi cha kokilia, yaani kifaa cha kusikia kinachowekwa kwa upasuaji hadi ndani ya kokilia (sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti), si figo ya mtu mwingine. Ni silikoni, titani na platinamu. Mzio wa silikoni upo, ila ni nadra mno. Tunaporudi kupasua ili kukibadilisha, mara nyingi kilichoharibika ni kifaa chenyewe. Mwaka 2011 kampuni ya Cochlear ya Australia iliondoa sokoni aina ya CI500 kwa sababu unyevu ulikuwa unapenya kwenye nyufa ndogo za maungio. Miili ya wagonjwa wale ilikuwa na kosa gani?

Sababu nyingine ni usaha usiokoma, ngozi iliyochanika juu ya kifaa, kolesteatoma (ngozi inayoota pasipo pake ndani ya sikio la kati), elektrodi (uzi wa kifaa unaoingia kwenye kokilia) kuhama. Ila kubadilisha prosesa, sehemu ya nje inayovaliwa na kunasa sauti, hakuhitaji kisu.

Kifaa kikizimika kabisa, uamuzi ni rahisi. Shida ni kile kinachougua huku vipimo vikisema kizima. Mtu mzima aliyekuwa anaongea na simu bila taabu anakuja akisema maneno yamefifia, kuna mkwaruzo, shavu linacheza sauti ikipanda. Impedansi (ukinzani wa umeme kwenye elektrodi) safi, kipimo cha kifaa safi, picha ya CT inaonyesha elektrodi iko mahali pake. Halafu mwenzangu wa taaluma anaandika: "Umri. Aongeze mazoezi ya kusikiliza." Hili linaniudhi kweli. Kipimo kinakagua kifaa kwa dakika chache, mgonjwa ametulia kitini. Hitilafu inayokuja na kuondoka inakipita bila kuonekana. Kwanza badilisha waya, koili (kisahani cha kichwani kinachopeleka sauti ndani) na prosesa, panga programu upya, zima chaneli za elektrodi zenye matata. Kisha linganisha alama zake za kutambua maneno na alama zake mwenyewe za zamani, si za wagonjwa wengine. Zikiendelea kushuka, tuzungumzie upasuaji.

Hata hapo hatuna uhakika. Mara nyingi jibu linapatikana baada ya kubadilisha, mgonjwa anaposikia vizuri tena, na pengine maabara ya kiwanda isione kasoro yoyote. Wapo niliowabadilishia wakabaki vilevile, na kabla ya upasuaji sikuwa na namna ya kuwatofautisha na waliopona.

Upasuaji wenyewe unapita njia ileile. Elektrodi ya zamani haichomolewi mpaka mpya iwe tayari mkononi, kwa maana ala ya kovu, yaani mfuko uliojijenga kuizunguka, ndiyo njia ya kupitishia mpya, na inaweza kujifunga. Mfupa ukiwa umeota ndani ya kokilia, mpya huenda isiingie yote. Watu wazima wengi hurudi walipokuwa au kupita hapo. Wachache hushuka, na lazima waambiwe kabla ya kusaini. Penye usaha mkali, wakati mwingine tunatoa mwili wa kifaa na kuiacha elektrodi iliyokatwa ndani ya kokilia, ilinde njia hadi maambukizi yaishe.

Ukija kliniki, njoo na majibu yako ya zamani, hasa ya kipindi ulichokuwa unasikia vizuri kuliko vyote. Bila hayo nitakuwa nabahatisha.