Plaiwudi kutoka nje: grafu ya nchi mbili inasema nini hasa?

Ikizungumzwa bei ya plaiwudi, iwe kwa maseremala wa Langoni hapa Lamu au Mokowe mizigo inapopakiwa mashuani, hatukawii kujilinganisha na majirani. Mtu huonyesha kwenye simu grafu ya uagizaji wa nchi mbili, mstari mmoja unapanda, mwingine umelala, na hukumu inatoka papo hapo. Grafu yenyewe haina kosa. Tatizo ni tunavyoisoma.

Dhana iliyozagaa zaidi: anayeagiza bodi nyingi hana misitu.

Tazama Japani. Karibu theluthi mbili ya ardhi yake ni msitu, lakini kwa miongo mingi imekuwa miongoni mwa waagizaji wakubwa wa plaiwudi duniani. Zamani viwanda vyake vilinunua magogo ya Asia ya Kusini-Mashariki na kuyamenya vyenyewe kuwa tabaka nyembamba za kugundisha. Mwaka 1985 Indonesia ikakamilisha marufuku ya kuuza magogo nje, ili kazi ibaki kwa viwanda vyake, na Japani ikazidi kununua plaiwudi iliyokwisha tengenezwa. Katika takwimu za uagizaji, magogo hayaingii kwenye fungu la bodi, plaiwudi inaingia. Kwa hiyo sehemu ya ongezeko lile ilikuwa miti ileile ya kila siku, ila sasa ilivuka bahari ikiwa imeshamenywa na kugundishwa. Asiyeutazama mstari wa magogo sambamba na wa bodi atadhani ni ujenzi tu ulioongezeka.

Dhana nyingine hutuhusu sisi wa pwani: kila kontena linaloshushwa Mombasa ni la Kenya. Hapana. Mzigo unaopita tu kwenda Uganda, Rwanda au Sudan Kusini hauandikwi kuwa uagizaji wa Kenya, hata kama umelala bandarini wiki nzima.

Kisha kuna fedha. Thamani ikipanda, watu husema bodi zimeongezeka, kumbe pengine ni nauli ya meli au dola. Kiasi chenyewe hupimwa kwa mita za ujazo, na hapo pia inafaa kuwa makini. Chukua bodi ya futi 8 kwa 4: zenye unene wa milimita 18, zile za makabati, hutimiza mita moja ya ujazo zikifika kama 19. Za milimita 3, za dari, zinahitajika zaidi ya 110. Nchi mbili zenye mita za ujazo sawa zinaweza kuwa na idadi tofauti kabisa ya bodi stoo.

Watu nao wasisahauliwe. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, ya Tanzania ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Kulinganisha jumla za nchi hizi bila kugawanya kwa idadi ya watu ni kuwaonea wote wawili.

Na marufuku ya Kenya ya kukata miti, ya Februari 2018, ambayo wengi huitwisha lawama ya kila ongezeko la bodi kutoka nje? Iligusa misitu ya umma na ya jamii. Miti ya mkulima shambani kwake haikuwamo.

Mwisho, kitanda au kabati la MDF (bodi ya nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi) likija limeshaundwa, huandikwa fanicha. Nchi inaweza kuonekana inapunguza bodi huku nyumba zake zinajaa bodi hizohizo, zimekuja na droo na vitasa vyake.