"Fundi, flashi imekula tasnifu yangu"

Jumatatu moja saa mbili asubuhi, kabla sijawasha hata feni, alisimama mlangoni mwalimu wa sekondari kutoka Kasulu. Alikuwa amepanda Haisi ya alfajiri, na mkononi ameshika flashi iliyofungwa kwenye leso kama pesa ya mchango. "Fundi, tutasalimiana baadaye. Flashi imekula tasnifu yangu." Mtu mzima wa Kigoma akiingia bila kusalimia, ujue kuna msiba.

Nahudumia chumba cha kompyuta cha wanafunzi wa uzamili na uzamivu hapa Kigoma Mjini. Wengi ni watu wazima wenye kazi zao: walimu, wauguzi, maofisa wa halmashauri. Mashine tunazo za kutosha kuvusha mtu. Kinachowagharimu zaidi ni maneno waliyookota mtaani wakayaamini, na mengine nimeyasikia mara nyingi mpaka najua mtu atasema nini kabla hajakaa.

"Virusi vimefuta mafaili yote, we piga fomati tu."

Usiguse! Mara nyingi mafaili yapo palepale. Kuna aina ya kirusi kinachopenda flashi zinazozungushwa kwenye steshenari: huficha folda zako, kisha mahali pake huweka shotikati, yaani vialama vya njia ya mkato, zenye majina yaleyale. Ukibofya shotikati, kwanza unakiwasha kirusi, halafu ndipo folda inafunguka, kwa hiyo unaweza kukaa nacho wiki nzima bila kushtuka. Siku antivairasi ikikifuta, shotikati zinaondoka nacho na flashi inabaki nyeupe. Hapo ndipo mwenye flashi anapopiga yowe.

Angalia kiasi kilichotumika. Flashi ya mwalimu ilionekana haina kitu, lakini kompyuta ilisema GB 3 zimejaa. Kitu kisichokuwepo hakijazi nafasi. Niliipitisha kwanza kwenye antivairasi, nikafungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt), nikaandika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ni herufi ya flashi kwenye kompyuta ile. Yako inaweza kuwa F au G. Amri hiyo inayavua mafaili alama ya kufichwa. Folda zikarudi moja moja, na sura ya tatu ikiwemo. Mwalimu akakaa chini, ndipo akaniuliza habari za asubuhi.

Angekuwa amekubali kupigiwa fomati huko njiani, kazi ingekuwa ngumu zaidi, ingawa hata hapo si mwisho wa safari. Fomati ya haraka, sawa na kufuta kwa kawaida, huondoa orodha inayosema faili fulani liko wapi; maandishi yenyewe hubaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Kwa hiyo flashi ikikufia mkononi, ichomoe na usiweke hata wimbo mmoja. Lakini usije kwangu na matumaini hayohayo kwa kompyuta mpakato yenye SSD, zile diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka. Zile huwa zinasafisha zenyewe nafasi iliyofutwa, na mara nyingi baada ya muda mfupi hakuna cha kuokoa.

"Nina nakala mbili, moja kwenye laptopu na nyingine kwenye flashi."

Na zote ziko kwenye begi moja. Begi likiibwa kwenye treni ya kwenda Tabora, au likidondoka majini wakati unashuka kwenye mtumbwi, umebaki na nakala ngapi? Utaratibu tunaoufuata sisi ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na wewe. Hiyo ya mbali haihitaji pesa. Akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, na tasnifu ya maandishi bila picha nyingi kwa kawaida haizidi MB chache. Ukishindwa kabisa, jitumie kwa barua pepe kila Ijumaa, na jina la faili liwe na tarehe. Majina kama "final", "final2" na "final ya mwisho kabisa" yamewahi kumfanya dada mmoja apeleke kwa msimamizi rasimu ya miezi minne nyuma.

"Wi-Fi imejaa, ila chuo kinatubania intaneti."

Vile vijimistari vya Wi-Fi kwenye skrini, hata vikijaa, vinakuonyesha jinsi kompyuta yako inavyosikilizana na rauta iliyo ukutani, basi. Kutoka rauta kwenda duniani ni njia nyingine, na ile ndiyo inayosongamana. Fanya hesabu ndogo: njia ya Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde) ikigawanywa kwa watu 25 wanaopakua kwa pamoja, kila mmoja anabaki na 0.4. Na mara nyingi anayepakua si mtu, ni Windows inayojisasisha kimyakimya tangu ulipofunua kifuniko. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, uiambie kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo (metered). Itapunguza sana masasisho hayo. Fanya hivyohivyo kwa mtandao wa simu yako, na bando nalo litapumua nyumbani.

"UPS ipo, hata umeme ukikatika naendelea."

UPS ni betri ya akiba tu. Unaendelea dakika chache, za kuhifadhi na kuzima. Mji huu uliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla gridi ya taifa haijatufikia, na bado kuna watu wanaoiona UPS kama jenereta dogo. Wala usiitegemee Word kukuokoa: kwa mpangilio wake wa kawaida hujiwekea kumbukumbu ya dharura kila baada ya dakika 10, na dakika 9 za mtu anayeandika kwa moto ni ukurasa mzima.

"Bila SPSS huwezi kuchambua data, kwa hiyo nimepata ya kukraki."

Hii inaniudhi, nakiri. Maelekezo ya programu za kukraki, yaani zilizovunjwa kufuli la leseni, karibu yote huanza na "zima kwanza antivairasi". Fundi wa kufuli akikuambia umfukuze mbwa kabla hajaanza kazi, ungemwachia nyumba? SPSS ni programu nzuri ya tangu mwaka 1968, na chuo chako kikiwa na leseni, itumie. Kama hakina, PSPP ni ya bure na inafanana nayo kwa sura na kwa amri. R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, ni ya bure pia na inatumiwa na wanatakwimu duniani kote. Anayeogopa kuandika amri atumie jamovi, ambayo imejengwa juu ya R, ina menyu za kubofya, na inafungua mafaili ya SPSS. Muulize msimamizi wako mapema kama anaikubali. Wengi wanachotaka ni majedwali yaliyo sahihi.

"Makala nzuri zote ni za kulipia, sisi wa mikoani tusahau."

Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 na HINARI ya makala za afya, unaziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya wachapishaji wakubwa, na Tanzania imo kwenye kundi lisilolipa. Anayejiandikisha ni taasisi, si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo wa kumuona ni mkutubi. Watu wanapita mbele ya meza yake kila siku wakija kwangu kulalamika.

"Kompyuta yangu ina neno la siri, mahojiano yako salama."

Hapa naomba tukae kidogo. Wanafunzi wetu wengi wanakusanya data kwa watu walio hatarini: wakimbizi wa Nyarugusu, wagonjwa, watoto. Neno la siri la kuingilia Windows ni mlango wa mbele tu. Kama diski haijafumbwa, yaani yaliyomo hayajageuzwa kuwa msimbo usiosomeka bila ufunguo, nikiichomoa na kuichomeka kwenye mashine nyingine nasoma kila kitu ndani ya dakika tano, na mwizi naye anaweza. Kinachosaidia ni kuifumba diski yenyewe kwa BitLocker ya Windows, au kutengeneza folda iliyofumbwa kwa VeraCrypt, ambayo ni ya bure. Ufunguo wake ukiupoteza, mimi pia siwezi kufungua, kwa hiyo uandike mahali.

Nimewahi kuwasha kompyuta ya steshenari moja nikakuta kwenye desktopu orodha ya wahojiwa, majina na namba za simu, imeachwa na mtu aliyekwenda kuprinti dodoso. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, jambo la namna hiyo linaweza kukupeleka pabaya. Toa majina, weka namba za utambulisho, na ile orodha inayounganisha jina na namba isipande flashi moja na mahojiano.

"Turnitin imesema asilimia 28, nimekamatwa nimeiba."

Turnitin ni programu inayolinganisha kazi yako na maandishi mengine; inapima kufanana kwa maneno tu. Hata orodha ya marejeo na nukuu ulizozifunga vizuri huhesabiwa zisipochujwa. Fungua ripoti uone rangi zimeangukia wapi. Asilimia 9 iliyo aya nzimanzima za mtu mwingine ni mbaya kuliko hiyo 28.

"Fundi, wewe si ndiye wa kompyuta? Basi niandalie sura ya nne."

Hapana, kaka. Nitakuwekea jamovi, nitakuonyesha data inaingilia wapi, na mashine ikikwama utanikuta hapa mpaka saa kumi na moja jioni. Njoo na picha ya ujumbe wa kosa uliotokea kwenye skrini, maana "imeandika kitu cha kizungu" hainisaidii. Jedwali likishatoka, kiti ni chako.