Ile 4 ya mama wa Tanga

Mama mmoja wa Tanga anamuuguza mama yake mzazi mwenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu. Nilipomsomea sentensi ya dodoso ninalotumia kupima unyanyapaa kwa wanaouguza, inayosema, kwa maneno mepesi, kwamba amepunguza kutoka na mgonjwa wake, alijibu "nakubali sana". Nikaandika 4. Nilipokuwa nafunga daftari akaongeza: "Mwanangu, anavua nguo njiani. Nisipomsitiri mimi, nani atamsitiri?"

Ile 4 imenisumbua tangu siku hiyo.

Dodoso hilo ni kipimo kilichotungwa Hong Kong na watafiti Winnie Mak na Rebecca Cheung, kikachapishwa 2008. Walikikusudia kwa familia zenye mtu mwenye ulemavu wa akili au ugonjwa wa akili, na baadaye kikajaribiwa Taiwan kwa wanaouguza watu wenye demensia. Kina sentensi 22, na kila moja hujibiwa kuanzia 1, "sikubali kabisa", hadi 4, "nakubali sana". Kinatafuta unyanyapaa uliokwisha kumwingia muuguzaji mwenyewe: anavyojisikia, anavyojiona, anavyotenda. Mwanasosholojia Erving Goffman aliandika tangu 1963 kwamba doa la mtu humgusa na aliye karibu naye.

Kwenye matendo, basi, kumficha mgonjwa ni dalili ya unyanyapaa. Kwetu kumficha kunaweza kuwa heshima.

Kwenye hisia mambo hugeuka. Hebu mwulize mtu mzima, mama yake ameketi palepale mkekani, kama anamwonea aibu. Hata kama jana usiku alilia, atasema la. Nani anataka kuchezea radhi? Alama inashuka, nami ninabaki na jedwali la familia zisizojua aibu. Tafsiri yetu ya Kiswahili haina kosa; tuliirudisha kwenye Kiingereza ili kuikagua, ikarudi vilevile. Ndiyo maana siku hizi siuamini sana ukaguzi huo peke yake.

Nimejifunza kuhoji faragha, hata kama ni uani mtu akifua. Na kila linapokuja swali la matendo, nauliza la ziada: ungefanya hivyo hata kama majirani wasingesema neno? Wengine hucheka. Baba mmoja alinyamaza, kisha akasema majirani ndio waliomshauri afunge mlango kwa nje, kwa kuwa bibi akitembea usiku wanasema anawanga. Huo sasa ni unyanyapaa, tena wa hatari, na kwenye dodoso naye alipata 4.

Mtafiti Perla Werner na wenzake wa Israel walianza kwa kuwasikiliza watoto wa wagonjwa, ndipo wakatunga kipimo kinachotenganisha yaliyo moyoni mwa muuguzaji, yanayotoka kwa watu wa nje, na yanayotoka kwenye huduma zenyewe. Hilo la tatu nalipenda. Ukifika zahanati ukaambiwa "huo ni uzee tu, mrudishe nyumbani", hujaona aibu yoyote, ila umeshanyanyapaliwa.

Yule mama wa Tanga nilimrudia na swali langu la majirani. Akaniangalia kama mtoto asiyejua kitu. "Majirani? Hao ndio wanaomrudisha akipotea."

Alama yake sijaibadilisha. Nikianza kusahihisha majibu ya watu kwa huruma, sitaweza kuyalinganisha na ya Taiwan wala ya kwingine. Nimechora safu moja pembeni, na kwake nimeandika: sitara.