Kadi ya michoro kwa kompyuta iliyotoka ofisini: dhana potofu na ukweli

Kompyuta nyingi za gemu za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue hazikutengenezwa kwa ajili ya gemu. Ni Dell OptiPlex, HP Elite na Lenovo ThinkCentre zilizomaliza kazi zake ofisini ng'ambo, zikaja huku kama mtumba. Kenya huziita "ex-UK". Ndani yake utakuta kichakata cha Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne, RAM ya GB 4 au 8, na pawa saplai (kisanduku cha kugawa umeme) ndogo iliyopimiwa karani na Excel yake. Mwenye mashine anataka kucheza GTA V au EA FC, anaingia dukani kutafuta kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu, na kuuliza: "Kadi gani nzuri?"

Muuzaji hawezi kulijibu swali hilo kabla ya kujua mashine. Kwenye kompyuta za namna hii, kasha, pawa saplai na ubao mama (bamba linalounganisha vipuri vyote) ndivyo vinavyochagua kadi. Hela hupotea pale mtu anapoipenda kadi kwanza, kisha anarudi nyumbani kuibembeleza mashine iikubali.

Dhana: GB nyingi ndiyo kadi yenye nguvu

Hii ndiyo inayouza GT 730 ya GB 4 hadi leo. Namba imeandikwa kubwa kwenye boksi, bei ni ya kuvutia, na mnunuzi anaamini amepata kadi mara mbili ya ile ya GB 2 iliyo pembeni yake.

GB ni ukubwa wa ghala, yaani kumbukumbu ya kadi. Gemu hutegemea zaidi wafanyakazi, yaani viini vya kuchakata, na upana wa mlango unaotolea mizigo ghalani. GT 730 ya DDR3 (aina ya kumbukumbu) yenye mlango wa biti 64 hupitisha takriban GB 14.4 kwa sekunde, na ina viini 384. GTX 750 Ti ya mwaka 2014, hata ile ya GB 2, hupitisha GB 86.4 kwa sekunde na ina viini 640. Ghala ni nusu, lakini kadi hiyo inaiacha GT 730 mbali sana. Tena jina GT 730 lilibandikwa kwenye chipu tofauti, na kuna toleo lenye viini 96 tu.

GT 1030 nayo ina mtego wake. Ya GDDR5 hupitisha GB 48 kwa sekunde, ya DDR4 hupitisha GB 16.8. Jina ni moja na boksi zinafanana, lakini ya pili haifai kwa gemu. Kwenye boksi tafuta neno GDDR5 au GDDR6. Ukiona DDR3 au DDR4 bila herufi G mbele, rudisha kadi kabatini.

Hata hivyo, ghala dogo nalo lina adhabu yake. Gemu za miaka ya karibuni hujaza GB 2 haraka na kuanza kukwama-kwama, kwa hiyo kima cha chini cha kununua leo ni GB 4 za GDDR5.

Dhana: Pawa saplai isikutishe, adapta zipo

Hapa ndipo mashine huungulia. OptiPlex 7010 ya mnara (kasha refu la kusimama) ina pawa saplai ya wati 275, na 9020 ya mnara ina wati 290. Ndugu zao wembamba, wanaoitwa SFF, wana 240 na 255. Nyingi kati ya pawa saplai hizi hazina hata waya mmoja wa kulisha kadi ya michoro.

Piga hesabu kabla ya kufungua pochi. Kichakata cha i5-3470 kimewekewa wati 77, i5-4590 wati 84. Diski, RAM, feni na ubao mama vipe wati 30 hadi 40. Sloti ya PCIe x16 (nafasi ndefu ya ubao mama inapochomekwa kadi) yenyewe inaweza kuipa kadi hadi wati 75. Jumla inafika karibu 200, na mnara wa wati 275 au 290 unaibeba bila kulia. Ndiyo sababu kwa kompyuta hizi kadi ya kutafuta ni ile isiyo na tundu la umeme kabisa, inayokula kutoka kwenye sloti peke yake.

Sasa weka RX 580 yenye kula wati 185 na tundu la pini 8. Fundi atatoa adapta ya kugeuza waya wa SATA kuwa pini 6 au 8 na kukuambia tatizo limekwisha. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ya ampea 1.5: hizo ni wati 54. Tundu la pini 6 limeruhusiwa kuvuta 75, la pini 8 150. Kadi itaomba inachohitaji, na plagi ndogo itayeyuka taratibu. Dalili ya mapema ni kompyuta kutulia vizuri kwenye Windows, kisha kuzima ghafla mara ramani ya gemu inapofunguka. Wengi hupiga Windows upya mara tatu kabla ya kuangalia upande wa umeme.

Kubadilisha pawa saplai inawezekana, lakini si kwa kila mashine. 7010 ya mnara hutumia plagi ya kawaida ya pini 24. 9020 hutumia pini 8 za Dell mwenyewe, na HP EliteDesk 800 G1 pini 6 za HP, kwa hiyo utahitaji waya wa kugeuza uliotengenezwa kwa modeli hiyo hasa. Za SFF zina umbo lake, na pawa saplai ya kawaida haiingii. Na ukinunua mpya, usisome "500W" pekee kwenye stika. Soma mstari wa volti 12, zidisha ampea zake kwa 12, ndipo utajua ina nini kweli.

Dhana: Ikiingia kwenye sloti, imekubali

Kasha la SFF linahitaji kadi fupi kimo, yenye bati fupi la nyuma. Uliza kama bati hilo limo ndani ya boksi, kwa sababu kwa kadi za mtumba mara nyingi limeshapotea. Pima pia unene: kwenye baadhi ya OptiPlex SFF sloti kuu imebanana na pawa saplai, na kadi ya kujaza nafasi mbili haikai. Sloti ya pili inaweza kuonekana ndefu kama ya kwanza lakini ikawa na njia nne tu za data. Maandishi yaliyopigwa kwenye ubao mama hukuambia ipi ni x16 na ipi ni x4.

Kwa mnara, orodha fupi ya kutafuta ni hii: GTX 1050 Ti, GTX 1650 isiyo na tundu la umeme (zipo zenye pini 6, ziangalie), na RTX 3050 ya GB 6 inayokula wati 70. Hiyo ya mwisho usiichanganye na RTX 3050 ya GB 8, ambayo hula wati 130 na kudai waya wake. Kwa SFF kuna matoleo mafupi ya 1050 Ti na 1650, na kadi za kazi ambazo wachezaji huzipita bila kuzitazama: Quadro P1000 ya wati 47 na T1000 ya wati 50, zote nyembamba za nafasi moja. T1000 ina viini 896, sawa na GTX 1650.

Dhana: Kadi mpya zaidi ndiyo salama zaidi

RX 6400 ya mwaka 2022 inaonekana kama imetumwa na Mungu: wati 53, fupi, haina tundu la umeme. Lakini inatumia njia nne tu za PCIe, ikitegemea kwamba mashine ina PCIe 4.0. Kompyuta ya kizazi cha nne ina 3.0, na ya kizazi cha pili ina 2.0. Kwa njia nne, 3.0 hupitisha karibu GB 4 kwa sekunde, na 2.0 hupitisha 2. Gemu ikijaza GB 4 za kadi na kuanza kukopa RAM ya kompyuta, mizigo yote inapita kwenye kichochoro hicho, na picha inaruka-ruka. GTX 1650 ni ya mwaka 2019, lakini ina njia 16 na haina shida hiyo. Anayerekodi au kurusha gemu mubashara ajue pia kwamba RX 6400 haina kisimba cha video (sehemu ya kubana video inaporekodiwa) ndani yake.

Intel Arc A380 nayo ni nzuri kwenye karatasi, ila inategemea kitu kiitwacho Resizable BAR, ambacho mashine hizi za ofisini hazina. Bila hicho hupoteza sehemu kubwa ya mwendo wake.

Lakini uzee nao una kikomo chake, nacho ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. NVIDIA iliacha kutoa draiva za gemu kwa familia ya Kepler, yenye GTX 600 na 700 nyingi, mwaka 2021. Familia za Maxwell na Pascal, yaani 750 Ti na 1050 Ti, zilipata draiva ya mwisho ya gemu Oktoba 2025, na zimebakiziwa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Hazijafa, zinacheza, ila gemu mpya ikija na hitilafu hakuna wa kuitibu. Kama tofauti ya bei ni ndogo, chukua 1650.

Kabla ya kuchomeka kadi yoyote mpya, sasisha BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Skrini nyeusi na milio baada ya kufunga kadi isiyo na kasoro mara nyingi ni BIOS ya miaka kumi iliyopita isiyoielewa.

Dhana: Kadi ikiwa kubwa, gemu haiwezi kukwama

Fungua MSI Afterburner, programu ya kupima kazi ya kadi, ukiwa ndani ya gemu. Kadi ikisoma asilimia 95 na zaidi, kadi ndiyo inayobana. Ikisoma 55 huku kichakata kikiwa juu kabisa, ukiweka kadi ya bei mara mbili utapata fremu (picha kwa sekunde) zile zile. Jaribio jingine halihitaji programu: shusha ubora wa picha hadi 1280×720. Fremu zisipopanda, kichakata ndicho kinachokuchelewesha.

Angalia RAM pia. Kijiti kimoja cha GB 8 hufanya kazi kwa mkondo mmoja. Vijiti viwili vya GB 4 hufungua miwili, na kichakata hupumua. Mwenye Core i3 anaweza kupandisha hadi i7-3770 kwenye soketi ya LGA1155, au i7-4790 kwenye LGA1150, bila kubadilisha ubao mama. Na zipo gemu zinazodai maagizo ya kichakata yaitwayo AVX2, yaliyoanza kizazi cha nne. Kwa i5-3470 gemu hiyo haifunguki, hata uweke kadi gani.

Dhana: Kadi iliyochimba sarafu imeshakufa

Tangu Ethereum (sarafu ya kidijitali iliyochimbwa kwa kadi kupiga hesabu mfululizo) iachane na uchimbaji wa kadi Septemba 2022, kadi hizo zimejaa sokoni. Chipu iliyofanya kazi kwa joto lisilopanda na kushuka huwa haijachoka kiasi hicho. Kinachochoka ni feni, pasti na pedi za joto, na hivyo hubadilishwa. Hatari kubwa zaidi ni BIOS ya kadi iliyochezewa. Ogopa pia kadi iitwayo P106-100: ni ya bei rahisi kwa sababu haina tundu hata moja la kuchomeka skrini.

Jaribu dukani. FurMark (programu ya kuichosha kadi) dakika 15, joto lisivuke nyuzi 85, na kusiwe na vidoa wala mistari ya rangi.

Dhana: Windows imeisoma "GTX 1050 Ti", basi ndiyo

Jina ni maandishi tu, na huandikwa upya juu ya chipu za zamani kama GTS 450. Programu ya GPU-Z husoma chipu yenyewe: 1050 Ti halisi ni GP107 yenye viini 768, na kadi bandia nyingi huandikwa FAKE waziwazi. RX 580 iwe na viini 2304. Ikisoma 2048 ni toleo dogo, usilipe bei ya kubwa. Hata bila kuwasha, 1050 Ti yenye tundu la VGA (la skrini za zamani) ni ya kushuku.

Dhana: Skrini yangu ya VGA itatumika vile vile

Itatumika, ila kwa adapta yenye chipu ndani ya kugeuza HDMI au DisplayPort kuwa VGA. Kile kiplagi cha kugeuza DVI kuwa VGA, kisicho na chipu, hakifanyi kitu kwenye 1050 Ti. Na kebo ichomekwe kwenye kadi yenyewe. Kama BIOS imeacha michoro ya ndani ya kichakata wazi, ukirudisha kebo kwenye tundu la zamani la ubao mama picha itakuja vizuri tu, Windows itafunguka, na gemu itakwenda kwa mwendo ule ule wa jana.