Tangi la maji chumvi: nitrati inatoka mkononi mwako, sio baharini

Tangu masika yaanze malalamiko ofisini yamezidi. Ni hoteli, mikahawa, na watu wa majumbani wenye matangi ya samaki wa maji chumvi hapa Mombasa, na karibu wote wanaanza hivyo hivyo: maji yangu masafi, ona yanavyong'aa, mbona samaki wanakufa? Jamani, nitrati haina rangi wala harufu. Maji yanaweza kung'aa kama ya chupa ya dukani na yakawa na nitrati miligramu mia kwa lita.

Kinyesi na mabaki ya chakula yanatoa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Kinachosahaulika ni kwamba bakteria wa kwenye filta kazi yao inaishia hapo, nitrati inabaki inajilimbikiza mpaka mtu aitoe. Kwa tangi la samaki watupu tunashauri isizidi miligramu 40 kwa lita, na kama una matumbawe jitahidi iwe chini ya 10.

Juzi nilienda mkahawa mmoja, siutaji. Kichupa cha kupimia kikatoka chekundu kama mate ya tambuu, zaidi ya 80. Kufungua filta, sponji ni nyeusi tii, imebeba tope la miezi. Huku mhudumu anapita na sahani, anamega chapati anawarushia. Nikauliza mnawalisha mara ngapi kwa siku, akanijibu, "Kila mteja akitaka kuwaona wakila, bosi." Sasa hapo dawa gani utanunua?

Anza na chakula basi. Mara moja au mbili kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika mbili tatu, na kamba wa barafu wayeyushe kwanza, yale maji yao umwage. Sponji ioshe kwa maji ya tangi uliyoyatoa, sio ya mfereji, maana klorini inaua bakteria wako, na mchanga uunyonye kwa mpira unapotoa maji. Halafu badilisha maji, na hapa watu wanakosa hesabu: ukitoa robo tu, 80 inashuka hadi 60, ukirudia 45, kisha 34, kisha 25, hiyo ni mara nne na bado nitrati mpya inazalishwa kila siku. Mtu anabadilisha mara moja anakuja kutuambia haifanyi kazi! Robo kwa wiki, kwa mwezi na zaidi, na usikimbilie kumwaga yote siku moja, samaki aliyezoea maji mabaya akishtukizwa anaweza kufa kwenye maji mazuri.

Maji yenyewe unayoongeza je? Wengi mnajazia ya kisima yale yanayopungua kwa mvuke. Visima vingi vya mjini viko karibu na vyoo vya shimo na nitrati yake iko juu, na mvuke ukiondoka unaiacha nyuma, kwa hiyo kila ndoo ni nyongeza. Pima kisima chako kwanza, au nunua maji yaliyochujwa kwa RO, ule mtambo wa utando unaozuia chumvi na nitrati. Na ya bahari usichote kwenye mikono ya bahari kama Tudor, hasa baada ya mvua, chota upande wa bahari wazi maji yakiwa yamejaa, halafu pima chumvi, iwe karibu gramu 35 kwa kilo ya maji.

Skima, kile chombo kinachonasa uchafu kwa povu, inasaidia kwa kuutoa kabla haujaoza, nitrati iliyokwisha kuwepo haiigusi. Mwani kwenye chumba cha pembeni cha tangi chenye taa unaila, ila lazima uuvune, ukifia humo umerudi pale pale. Siki nyeupe pia inafanya kazi, inalisha bakteria wanaokula nitrati, lakini ni kidogo sana kwa siku na uwe na skima nzuri, ukizidisha hewa inakwisha majini na asubuhi unakuta wote wanaelea.

Sasa lile linalotuudhi. Samaki wakifa mtu anarudi mwambani kuchukua wengine, pamoja na mawe na matumbawe, ati ni vya Mungu. Kukusanya samaki wa mapambo kunahitaji leseni ya uvuvi, na ndani ya Mbuga ya Bahari ya Mombasa (Marine Park) kuchukua chochote ni kosa, hata jiwe. Matumbawe magumu yote yako Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuyatoa nchini kunataka kibali kinachopitia KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kibali hakizidi miezi sita, ni cha shehena moja tu, na kopi haikubaliki, tafadhali msitubembeleze kuhusu kopi. Wala usiwamwage samaki wa kununua baharini kwa huruma. Wenzetu Florida mpaka leo wanahangaika na samaki wa miiba ya sumu (lionfish) wa bahari zetu hizi, wanaoaminika walitoka kwenye matangi.

Anayetaka tumpimie alete nusu lita kwenye chupa ya maji ya kunywa, isuuzwe mara tatu kwa maji ya tangi lenyewe, ijazwe hadi juu, iandikwe tarehe na saa, ifike siku hiyo hiyo ikiwa kwenye barafu. Ukileta kwenye chupa ya soda hatupokei.